SOMO LA WIKI: Pima betri kabla hasara haijaingia dukani

Fedha za pamba zinapoanza kuzunguka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, betri za umeme wa jua nazo hupata wateja. Hata hivyo, mwenye duka asiyepima mzigo anaopokea hujibebesha hasara ya kiwanda.

Chukulia duka limenunua betri 20 kwa sh. 200,000 kila moja, na faida ni sh. 20,000 kwa betri. Betri 2 zikiwa mbovu, duka limepoteza sh. 400,000. Zile 18 zilizobaki zitaleta faida ya sh. 360,000 tu. Yaani faida yote imekwenda, na mtaji umeliwa sh. 40,000.

Betri ya asidi ya volti 12 ina seli 6 zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Seli moja ikiwa na kasoro, kwa mfano sahani za risasi zinazogusana au kiungio kisichoshika, betri nzima huharibika.

Vipimo ni vitatu. Kwanza, mita: betri iliyojazwa chaji ikatulia kwa saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi. Ikisoma karibu 10.5, huenda seli moja imekufa.

Pili, haidromita, kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka. Maji ya seli zote yasome kati ya 1.265 na 1.280. Tofauti kati ya seli ikizidi 0.050, betri hiyo ni ya kutiliwa shaka. Mpimaji avae glovu na miwani.

Tatu, mzigo. Kiungio kibovu huweza kujificha kwenye mita, lakini betri ikiwashiwa taa kubwa za gari volti hushuka ghafla. Kwa betri zilizozibwa, kipimo hiki ndicho muhimu zaidi.

Hata viwanda vinavyotengeneza seli za haidrojeni hupima volti ya kila seli, pamoja na kupitisha gesi ili kubaini tundu kwenye utando.

Aidha, alama ya Shirika la Viwango (TBS), lililoanzishwa 1975, huonyesha kuwa aina ya bidhaa imekidhi kiwango. Haina maana kwamba kila betri imepimwa. Hivyo mwenye duka apime siku ya kupokea mzigo, msambazaji akiwapo, na aandike namba ya betri na vipimo vyake kwenye risiti. Bila maandishi hayo, kudai garantii ni kazi ngumu.