Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni

Mama anainama kisimani kunyanyua ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji. Ghafla kiuno kinakaza. Maumivu yanateremka kama moto kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye wayo. Majirani wanasema amerogwa. Mara nyingi, tatizo ni neva iliyobanwa.

Neva gani?
Ni neva ya siatiki, kubwa kuliko zote mwilini. Huanzia kiunoni, hupita takoni na kushuka mguuni. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Kisahani kikichomoza, chaweza kukandamiza mzizi wa neva hiyo. Kwa wazee, huenda njia ya neva ikawa imekuwa finyu.

Dalili
- Maumivu ya mguu mmoja, makali kuliko ya kiuno.
- Ganzi au kuchomachoma kama sindano.
- Maumivu kuzidi ukikohoa, ukipiga chafya au ukikaa sana.

Matunzo nyumbani
- Usishinde kitandani. Misuli hudhoofika na kupona huchelewa. Tembea kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.
- Lala ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti.
- Kanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usikande palipo na ganzi, waweza kuungua bila kujua.
- Usikubali kukanyagwa mgongo.
- Muulize mhudumu wa afya kabla ya kumeza dawa. Ibuprofeni na diklofenaki zina hatari kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6. Maumivu yakizidi au yasipopungua, nenda kituo cha afya. Mazoezi ya tiba husaidia, na wachache huhitaji upasuaji.

Kimbilia hospitali, hata usiku
- Mkojo umeziba, au mkojo au choo vinatoka bila kujizuia.
- Ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa.
- Miguu yote miwili inauma au inaishiwa nguvu.
- Homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka.

Kinga
Chuchumaa, nyoosha mgongo, ikumbatie ndoo karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu ya miguu. Bora zaidi, beba lita 10 mara mbili.

Ndugu msomaji, ukiona mkojo umeziba au ganzi sehemu za siri, usingoje kukuche. Kuchelewa kwaweza kuleta ulemavu wa kudumu.