Jaa la Taka Linapoporomoka

Mkazi wa Kuresoi hahitaji kufunzwa kwamba mteremko ukishiba maji huporomoka. Lakini wengi wetu hatujui kwamba rundo la taka nalo hufanya vivyo hivyo. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi karibu na Kampala lilifukia nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Machi 11, 2017, jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliua zaidi ya watu 100. Hapa kwetu, jaa la Gioto mjini Nakuru liko kwenye miteremko ya Menengai.

Kwa nini huporomoka?

Mabaki ya vyakula yakioza hutoa maji meusi na gesi ya metheni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Mvua ikinyesha, rundo huwa zito na tabaka za chini hupoteza nguvu. Likiwa refu na kusimama wima kama ukuta, hatari huzidi.

Dalili

Nyufa juu ya rundo, sehemu ya chini kufura, maji meusi kutokea mahali papya, na taka kuteleza kidogo kidogo. Ukiona mojawapo, hama na watoto mara moja, kisha mwarifu chifu na maafisa wa kaunti.

Kinga

Taka zishindiliwe kwa tabaka nyembamba na kufunikwa kwa udongo, mitaro ichimbwe, na watu wasijenge chini ya rundo. Nawe una wajibu: sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inataka utenganishe zinazooza na zisizooza. Maganda yakigeuzwa mbolea, jaa hupungua.

Ajali ikitokea

Piga simu 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara. Usipande juu ya rundo. Laweza kuporomoka tena.

Aliyebanwa kwa saa kadhaa apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri. Misuli iliyopondeka humwaga potasiamu na sumu katika damu. Moyo waweza kusimama na figo kushindwa kufanya kazi. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni ishara mbaya. Mwenye jeraha, hata dogo, aulizie sindano ya pepopunda.

Usingoje mvua ya masika ikukumbushe. Kinga ni bora kuliko tiba.