Kimeng'enya cha Kuvu na Kipimo cha Sukari ya Miezi Mitatu

Buni zinazovunwa kwenye miteremko ya Mlima Meru hugeuka hudhurungi kikaangoni kwa sababu, pamoja na mengine, sukari na asidi amino zilizomo huungana kwa joto. Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912. Mwilini hutokea bila moto, polepole: glukosi hujipachika kwenye valini iliyo mwanzoni mwa mnyororo wa beta wa himoglobini. Kwa kuwa seli nyekundu huishi takriban siku 120, himoglobini yenye sukari, yaani HbA1c, huakisi wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Mgonjwa wa Ngaramtoni aliyejinyima wali siku mbili kabla ya kliniki hakidanganyi kipimo hiki.

Maabara hukipima kwa njia kadhaa, na mojawapo imeazimwa kwa kuvu. Viumbe hawa huishi kwa kuozesha mabaki, ambamo asidi amino nyingi zimekwisha kushikwa na sukari. Baadhi yao, wakiwamo wa jamii ya Aspergillus, wana kimeng'enya kinachoutengua muungano huo kwa kutumia oksijeni: asidi amino hubaki huru na hidrojeni peroksidi huzalishwa. Hiyo ndiyo humenyuka na kitendanishi, rangi ikatokea, mashine ikaisoma. Kimeng'enya hicho, hata hivyo, hakiwezi kuishughulikia himoglobini nzima. Proteasi hutangulia kukata kipande kifupi cha valini na histidini.

Himoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwenye asidi amino ya sita, si kwenye hizo mbili za mwanzo, hivyo njia hii haitatizwi nayo sana. Hapo ndipo mtego ulipo. Mashine inaweza kupima kwa usahihi na jibu bado likapotosha, kwani seli za mgonjwa wa selimundu hufa mapema kabla ya kukusanya sukari ya kutosha. Malaria inayovunja seli na damu aliyoongezewa mgonjwa huweza pia kulishusha jibu. Upungufu wa madini chuma huweza kulipandisha. Kiwango cha asilimia 6.5, kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa utambuzi wa kisukari, hakiwahusu wagonjwa wa namna hiyo. Kwao hupimwa glukosi yenyewe, au, panapowezekana, albumini yenye sukari, inayoonyesha majuma mawili hadi matatu. Mgonjwa naye aseme mapema kama ana selimundu au ameongezewa damu karibuni, kabla dozi yake haijabadilishwa.