Siku Kumi na Nne za Banda Tupu: Nani Alipe Hasara?



Ndugu msomaji, somo la toleo hili limeanzia kwenye ugomvi. Wanafunzi watano tulichanga fedha tukamkabidhi ndugu yetu mmoja mwenye banda huko Gudele, afuge kuku wa nyama, na faida tugawane nusu kwa nusu. Mkataba wa namna hii wanachuoni wanauita mudharaba, na katika vitabu vya Kimaliki, ambavyo ndivyo vinavyosomwa sana hapa kwetu, utaukuta kwa jina la qiradhi. Kundi la kwanza, vifaranga 300, lilikwenda vizuri, alhamdulillah, na tukauza karibu wote kwa ajili ya Idi. Kundi la pili zaidi ya nusu lilikufa kabla ya kutimiza wiki ya tano. Ada za chuo za wawili wetu zilikuwa humo. Ndipo likaja swali lililotukosanisha kwa mwezi mzima: je, mfugaji atulipe?

Kanuni inajulikana kwa kila aliyesoma mlango wa miamala. Mudharibu ni mtu aliyeaminiwa. Mali ikiteketea mkononi mwake bila kosa lake, mwenye mali hupoteza mtaji na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Hata kama mmeandikiana kwamba atalipa hasara yoyote, sharti hilo halikubaliki. Atalipa tu akikiuka mlichopatana, au akizembea.

Hapo penye "akizembea" ndipo tulipokwama. Uzembe hupimwa kwa urfu, yaani ada ya watu wa kazi ile, na hakuna kitabu cha fiqhi kitakachokuambia banda la kuku likae tupu siku ngapi. Ilibidi tuweke vitabu chini twende kwa wafugaji na kwa daktari wa mifugo. Nayaandika tuliyoyapata kwa sababu najua wengi humu wanafuga, au wamempa mtu fedha afuge.

Tuanze na lile tandiko la chini. Maranda ya mbao, pumba za mpunga au maganda ya karanga yanayotandazwa sakafuni huitwa matandazo. Kazi yake ni kunyonya unyevu wa kinyesi na kumkinga kifaranga na baridi ya sakafu. Mjini Juba maranda hupatikana kwa maseremala. Muhimu yawe makavu na yasitokane na mbao zilizopakwa dawa. Maganda ya karanga ni mengi na ni ya bei nafuu, lakini yakiwahi kuloa huota ukungu, na ukungu ule huingia mapafuni mwa kifaranga. Mimi nisingeyatumia wakati wa mvua.

Baada ya wiki tano au sita, matandazo si maranda tena. Ni maranda, kinyesi, manyoya, chakula kilichomwagika na maji yaliyovuja kwenye vyombo. Bakteria huvunjavunja kinyesi hicho na kutoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Kadiri matandazo yanavyolowa na joto linavyopanda, ndivyo amonia inavyozidi. Wataalamu husema isipite sehemu 25 katika milioni ya hewa ya banda, kwa kuwa zaidi ya hapo huharibu macho na koo la kuku, na kuku aliyeharibika koo hupokea kila ugonjwa unaopita. Nani kati yetu ana kipimo cha amonia? Pua inatosha, ila usisimame. Piga magoti, weka uso wako pale kilipo kichwa cha kifaranga, kisha vuta pumzi. Na ufanye hivyo mara tu unapoingia, kwa kuwa pua huzoea upesi.

Unyevu nao hupimwa kwa mkono. Chukua konzi ya matandazo uifinye. Ikibaki bonge, yamelowa. Ikishikana kidogo kisha ikavunjika unapoigusa, ni sawa. Ikimwagika kama mchanga, ni makavu mno na yataleta vumbi.

Sasa kisa chetu. Kuku wa mwisho wa kundi la kwanza waliondoka Jumapili. Vifaranga wapya walishuka kwenye basi kutoka Kampala siku ya Alhamisi, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Elegu na Nimule. Siku nne tu. Matandazo ya zamani hayakutolewa. Yalimwagiwa maranda mapya juu, basi. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza na pembe moja ya paa ilikuwa inavuja.

Siku ya kumi na nane kinyesi kikaonekana na damu. Huo ni ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vimelea viitwavyo koksidia. Mayai ya vimelea hao hutoka na kinyesi, na yakipata joto, hewa na unyevu huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili. Dawa nyingi za kuua vijidudu haziyafanyi lolote. Wiki iliyofuata vifo vikaongezeka. Daktari alipasua kuku watatu mbele yetu akatuonyesha madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja, na kifuko kidogo karibu na tundu la haja kilichovimba. Akasema ni Gumboro. Ugonjwa huo umepewa jina la mji wa Gumboro, jimbo la Delaware, Marekani, na ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Virusi vyake huweza kuishi ndani ya banda zaidi ya miezi mitatu baada ya kuku kuondoka. Chanjo walikuwa wamepewa, lakini kifaranga anayelazwa juu ya virusi vingi tangu siku ya kwanza huugua kabla chanjo haijashika.

Mmoja wetu, mjuzi wa intaneti, alileta hoja kwamba huko huko Marekani wafugaji wakubwa hutumia matandazo yale yale kwa makundi kadhaa, hata mwaka mzima au zaidi. Ni kweli. Lakini hawayaachi yalivyo. Huondoa mabonge yaliyoshikamana, kisha wengi huyakusanya katika matuta marefu humo humo ndani, yachemke yenyewe kwa siku kadhaa mpaka joto la katikati lipite nyuzi 55, ndipo huyatandaza tena na kuitoa amonia kwa mafeni makubwa. Sisi hatuna mafeni, na vifaranga 300 hawaachi matandazo ya kutosha kujenga tuta la kuchemka vizuri. Kwa banda la ukubwa wetu, kila kitu kitoke nje.

Kutoa nako kuna mpangilio wake. Kwanza toa vyombo na mizoga, hata ule mmoja uliofukiwa na matandazo pembeni. Zoa matandazo yote. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua tabaka la juu lililolowa. Fagia kuta, nyavu na utando wa buibui juu, na uangalie nyufa, kwa kuwa mbawakawa wadogo weusi hujificha humo na kubeba maradhi kutoka kundi hadi kundi. Kisha osha kwa maji na sabuni, acha pakauke, ndipo unyunyize dawa. Wengi hununua dawa ya bei kubwa na kuimwaga juu ya uchafu, na fedha hiyo imepotea, kwa kuwa kinyesi huiua dawa kabla dawa haijaua kijidudu. Chokaa imwagwe kwenye sakafu tupu. Ukiimwaga juu ya matandazo unayokusudia kuyaacha, utaamsha amonia zaidi.

Ada ya wafugaji wengi tuliowauliza ni siku kumi na nne za kupumzisha banda. Daktari alisisitiza jambo moja ambalo wote watano tulikuwa hatulijui: siku hizo huhesabiwa tangu banda liliposafishwa na kukauka. Siku ambayo kuku wa mwisho alitoka haihesabiwi. Banda chafu likikaa tupu mwezi mzima, bado ni chafu. Vifaranga wakikaribia, tandaza maranda mapya kiasi cha sentimita tano hadi kumi, siku moja au mbili kabla hawajafika, yapate joto.

Na yale yaliyotolewa? Hapa fiqhi inarudi. Waliosoma pwani ya Kenya au Zanzibar wamefundishwa kwa madhehebu ya Shafi kwamba kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, hivyo nguo iliyochafuka bandani haiswaliwi mpaka ioshwe. Kwa Wamaliki, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara, ila akiwa anakula najisi. Kuku anayezurura jalalani ana hukumu yake, na anayefungiwa na kulishwa nafaka ana yake. Kwa Wahanafi kinyesi cha kuku ni najisi. Tofauti hii inafika mpaka sokoni: Wahanafi wanaruhusu kuuza samadi, Wamaliki wanaruhusu iliyo twahara, nao Washafi hawasahihishi uuzaji wa najisi, ila wanaruhusu mtu apokee fedha kwa kuiachia haki yake juu ya samadi hiyo. Banda letu lina watu wa madhehebu mawili. Tulikubaliana kila mtu abadilishe nguo kabla ya kuswali, na mabishano yakaishia hapo.

Samadi yenyewe ina wateja. Wakulima wa mboga kando ya Nile na kisiwa cha Gondokoro wanaihitaji, ila ikiwa mbichi huunguza miche. Irundikwe ifike kimo cha mita moja au zaidi, iwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, ifunikwe mvua isiinyeshee, na igeuzwe. Ukichomeka nondo katikati na kuiacha kidogo, ikitoka haishikiki kwa joto, ujue inachemka. Irundikwe mbali na banda. Tena isitupwe khorini, ambako mvua ya kwanza huifikisha mtoni, na mto ndio unaojaza matangi ya maji tunayouziwa. Mbuzi na ng'ombe wa jirani wasiifikie pia: mzoga mmoja uliosahaulika ndani ya matandazo unaweza kuzalisha sumu ya botulini inayoua ng'ombe. Nchini Kenya wako wafugaji wanaowalisha ng'ombe matandazo ya kuku kwa makusudi. Hiyo inafungua mlango wa jallala, mnyama anayekula uchafu, ambaye imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa kwake na maziwa yake. Mlango huo unahitaji makala yake.

Turudi kwenye ugomvi. Kwa tuliyoyapata, siku nne bila kuzoa matandazo ni kinyume cha ada ya wafugaji. Wawili wetu wakasema: basi amezembea, alipe. Tukampelekea mwalimu wetu kisa chote. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja: nani aliagiza vifaranga?

Tulikaa kimya. Tulioagiza ni sisi. Mfugaji alitupigia simu siku ile ile ya Jumapili akasema banda linahitaji wiki mbili na zaidi. Sisi, tukiitazama tarehe ya mwisho ya kulipa ada, tulimjibu kwamba vifaranga tumeshalipia Kampala na basi linaondoka Jumatano. Mimi ndiye niliyeshika simu. Mwalimu akasema hakuzembea: alinasihi, nasi wenye mali tukamwamuru kinyume. Hasara ni ya mtaji, na mtaji ni wetu. Wallahu aalam. Yule ndugu hakutudai chochote kwa wiki tano za kazi yake. Tulimwomba radhi, akakubali kuendelea nasi kwa mkataba mpya wenye sharti aliloliandika kwa mkono wake: vifaranga hawaagizwi mpaka yeye aseme banda limekauka.

Paa limezibwa. Leo ninapoandika ni siku ya tisa tangu sakafu ikauke, na simu ya Kampala bado haijapigwa.