Mume na Mke katika Safari ya Kuutumikia Uislamu

Mmoja katika ndugu wanaohudhuria darasa letu hapa Mikindani ametuuliza swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya watu wote. Asema: kijana aliyeoa akiitwa kwenda nchi ya mbali kusomesha, kutibu wagonjwa au kulea mayatima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, je, afuatane na mkewe, au amwache kwa wazee mpaka arudi? Wengi wetu hujibu upesi kwamba mke hana kazi huko. Fungu lake ni kungoja. Jawabu hili halikutoka katika dini, limetoka katika mazoea, na mazoea si hoja.

Na tutazame waliotutangulia. Waislamu wa kwanza walipovuka bahari mwaka 615 kwenda Uhabeshi, Sayyidna Uthman alifuatana na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Baadaye walikwenda Sayyidna Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asmaa binti Umays, wakakaa ugenini zaidi ya miaka kumi, na watoto wao watatu wakazaliwa huko. Jaafar ndiye aliyesema mbele ya Najashi, na khutba zetu humtaja mara kwa mara. Lakini ni nani aliyeiweka nyumba katika nchi asiyo na mama wala shangazi? Ni nani aliyezaa na kulea kati ya watu ambao lugha yao si yake? Ni Asmaa. Wala hakukaa huko amefumba macho: imepokewa kwamba aliona jinsi Wahabeshi wanavyolifunika jeneza la mwanamke, akaieleza habari hiyo Madina, na Bibi Fatma akapenda asitiriwe vivyo hivyo atakapokufa.

Waliporudi, mwaka wa 7 wa Hijra, Sayyidna Umar alimwambia Asmaa kwamba watu wa Madina wamewatangulia kwa Hijra. Asmaa alikasirika. Alimjibu kwamba wao walikuwa pamoja na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao na kumfundisha mjinga wao, hali wenziwao wako nchi ya mbali katika udhia na hofu. Kisha akalipeleka shauri kwa Mtume mwenyewe, naye akahukumu kwamba Umar na wenziwe wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi anayesema kwamba mke ugenini ni mzigo wa mumewe, na aiangalie hukumu hii.

Wala isisemwe kwamba hayo yalikuwa ya Masahaba tu. Daktari Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait (1947–2013) alisomea utabibu Baghdad, kisha Liverpool na Kanada. Angaliweza kukaa kwao kwa raha. Badala yake alianzisha mwaka 1981 jumuiya ya kuwatumikia watu wa Afrika kwa visima, skuli na matibabu. Jumuiya hiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1998 chuo cha Chukwani, Unguja, ambacho leo chaitwa kwa jina lake. Mkewe, Ummu Suhaib, alifuatana naye katika kazi hiyo, na hatimaye wakahamia Manakara, pwani ya Bukini, yaani Madagaska, katika nchi ya Waantaimoro, ambao wazee wao waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu. Mume alikuwa na maradhi ya sukari, yasiyosamehe chakula cha ovyo wala safari ndefu. Mwaka 1996 alipopewa tunzo ya Mfalme Faisal, fedha zake alizitia wakfu kwa elimu ya watoto wa Afrika. Mali kama hiyo haitoki mlangoni kwa salama ila mke naye awe ameridhia.

Maisha ya kila siku ya watu kama hawa si khutba. Ni kutafuta maji, kujifunza maneno ya sokoni, kula wasichokizoea, kumfungulia mgonjwa usiku, na kustahimiliana wanapochoka. Tena kuna mlango ambao mume hawezi kuuingia: chumba cha mzazi, jiko la mjane. Mwalimu wa huko ni mke.

Hata wasio wa dini yetu walilijua jambo hili. Upande wa Kisauni lipo kaburi la Rosine, mke wa Mjerumani Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na kichanga chake. Mumewe hakurudi kwao. Mwaka 1846 alihamia Rabai, huko mbele ya Mazeras, akaendelea na kazi yake. Itikadi yao hatuikubali, lakini subira yao yatutahayarisha.

Basi jawabu letu ni hili: na wafuatane, kwa masharti matatu. Kwanza, mke aulizwe, na ridhaa yake iwe ya kweli. Pili, wote wawili wajifunze lugha na kazi kabla ya kuondoka. Tatu, na hili latuhusu sisi tunaobaki, tuwatunze wazee wao na tuwapelekee masurufu kila mwezi. Kumsindikiza mtu kwa dua hadi stesheni kisha kumsahau si kumsaidia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kwenda, au wenye kuwatunza waendao. Amin.