Ketamini na Umri: Majibu kwa Barua Zenu

Barua zimekuwa nyingi. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia hofu.

Baba ana miaka 72. Sonona yake imekataa vidonge vya aina mbili, na tumeambiwa ketamini haifanyi kazi kwa wazee. Ni kweli?

Wengi mmeuliza hili, nawajibu kwa pamoja: si kweli. Uvumi huu umetokana na utafiti mmoja uliosomwa nusunusu. Watu 138 wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa na sonona sugu, walianzishwa kidonge kipya; baadhi wakaongezewa dawa ya puani ya esketamini, ambayo ni aina ya ketamini, wengine dawa bandia. Baada ya wiki nne, waliopewa esketamini walikuwa wamepata nafuu zaidi, ila tofauti haikufikia kiwango ambacho watafiti walijiwekea kabla ya kuanza. Watu wakasoma mstari huo mmoja, wakafunga jalada.

Soma na mengine. Wenye miaka 65 hadi 74 walifaidika zaidi kuliko waliovuka 75. Aliyeanza kuugua sonona kabla ya miaka 55 alielekea kufanya vizuri kuliko aliyeanza baada ya miaka 55. Tena wazee walianzishwa miligramu 28 tu, nusu ya dozi ya kuanzia ya watu wazima walio chini ya miaka 65, wakapandishwa taratibu. Kwa hiyo wiki nne huenda zilikuwa chache. Nchini Australia, wazee wachache walidungwa ketamini chini ya ngozi, wakianza na dozi ndogo sana inayopanda hatua kwa hatua, na baadhi yao sonona iliwatoka kabisa. Basi umri hubadilisha dozi, kasi na matarajio. Haumnyimi mzee haki ya kutibiwa.

Huzuni si sehemu ya uzee?

Hapana. Mzee aliyeacha kula na anayesema afadhali afe ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali leo.

Mama ana miaka 68 na ana presha. Ni salama?

Presha ikiwa imedhibitiwa, inawezekana. Ketamini huipandisha, na kilele huwa kama dakika 40 baada ya dawa, kwa hiyo hupimwa kabla, hupimwa tena wakati huo, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa saa mbili au zaidi. Aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, au mwenye uvimbe wa mshipa mkubwa wa damu, asipewe esketamini. Kizunguzungu nacho kisidharauliwe: mzee akianguka akavunjika nyonga, mmeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Asirudi nyumbani peke yake.

Si dawa ya farasi?

Iliidhinishwa Marekani kwa binadamu mwaka 1970. Vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu huitumia kila siku.

Binti yangu ana miaka 15. Kuna mtu anauza ketamini ya kutumia nyumbani.

Usinunue! Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio la vijana 17 wenye miaka 13 hadi 17. Dozi moja, iliyotolewa hospitalini, iliwapunguzia sonona ndani ya siku moja. Hiyo ni dalili njema, lakini ni vijana 17 tu, na ubongo wa umri huo bado unakua. Matumizi ya mara kwa mara yasiyosimamiwa huharibu kibofu na huleta uraibu. Anayekuuzia chupa bila kumpima mtoto presha wala kumuuliza kama anawaza kujiua ni mfanyabiashara. Mpeleke binti kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Kliniki tuiulize nini kabla ya kulipa?

Nani atakaa na mgonjwa hadi dawa iishe mwilini? Dozi imepangwaje kwa umri wake? Wameangalia dawa zake nyingine zote? Ikishindikana, wataendelea na tiba gani? Wakisitasita kwenye lolote, ondokeni na pesa zenu.