Somo la jikoni: nyama na chipsi

Tuliokaa Bujumbura tunakumbuka nyama na chipsi. Hata nyumbani twaweza kuzipika.

1. Weka mfuniko wa sufuria karibu, watoto mbali. Mafuta yakiwaka, usimwage maji kamwe. Moto utaruka hadi paani. Funika, usiisogeze sufuria.

2. Kata viazi ulaya, vioshe, vikaushe kwa kitambaa. Vikaange kwa moto wa wastani hadi vilainike, uvitoe vipoe. Mafuta yakiwa makali, virudishe hadi viwe rangi ya dhahabu.

3. Kata nyama ya ng'ombe kukingama na nyuzi zake, unene wa kidole. Ikaushe, tia chumvi, kaanga kwa moto mkali dakika 3 kila upande. Iache itulie kidogo.

Nyama ikiwa chache, ikatekate, kila mtoto apate.